Tawi la Upande wa Jikoni

Kwako Dada mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, mtu ambaye mtaa huu hakuna anayethubutu kukata hata kijiti cha ua kabla hajamwuliza. U hali gani? Shemeji mgongo umemwachia? Wapwa zangu nao hawajambo? Waambie mjomba wao juzi kaushikilia ukuta kwa bega moja mpaka fundi akamaliza chai yake. Mimi mwili mzima, ila usingizi ndio siku hizi unanipitia mbali.

Mama bado yuko wodini. Daktari anasema nyonga ya umri ule haiungi upesi, na nesi akanimalizia mlangoni kwamba huenda isiunge kabisa. Anakula vijiko viwili vitatu, kisha anaulizia kuku wake. Ulitaka kujua ule mti uliuguaje, maana kwenye simu nilikuwa nababaika. Nakueleza. Shule niliiacha mapema, lakini miti nimeisoma mpaka mwisho.

Mparachichi wa marehemu baba ulianza kuumwa juu. Majani ya upande wa jikoni yakawa madogo, ya manjano, na vitawi vikakauka kuanzia nchani. Wengine wangesema ni jua. Mimi nikapiga magoti nikatazama chini, nikakuta uyoga mgumu kama kisigino umeota shinani. Nikagonga shina kwa mpini wa nyundo: upande mmoja ukanijibu kama mti, upande wa pili ukanijibu kama debe tupu. Hapo nikajua mizizi inaoza. Na maji yaliyoiozesha yalitoka bafuni, Dada, kwa mfereji niliouchimba mwenyewe nikidhani naunywesha mti mzee wa watu.

Nikautibu. Mfereji nikaugeuza, udongo niliokuwa nimeurundika shinani nikauondoa mpaka mizizi ya juu ikaonekana, vitawi vikavu vya chini nikavikata. Hayo yalikuwa sawa. Lakini shimo la kwenye shina nikaliziba kwa saruji, na maji yakabaki humo ndani yakiendelea kula. Kisha nikaupaka chokaa kiunoni, ukapendeza, wapita njia wakauliza tunapokea mgeni gani. Chokaa hiyo ndiyo iliyofunika ufa uliokuwa ukipanda shinani kuelekea matawi.

Lile tawi kubwa la juu ya kigoda cha mama, anapochambulia mboga, lilikuwa halina jani hata moja. Mama ndiye aliyeliona kwanza. Akasema linalia kukiwa na upepo, akauliza ahamie barazani au vipi. Jirani fundi seremala akajitolea kuja na msumeno wake. Nikamwambia akapasue mbao zake, mgonjwa huyu ana daktari wake. Nikaleta ngazi. Baadaye nikamwambia mama kwamba nimepanda mpaka juu, nimelirukia tawi kwa miguu yote miwili, na lori linaweza kuning'inia pale.

Lilianguka asubuhi tulivu, hata upepo haukuwapo. Mimi nilikuwa getini namsimulia muuza maziwa jinsi nilivyomtoa nyati mbio. Nilipofika, mama alikuwa chini, mguu umegeuka, na neno lake la kwanza lilikuwa nikafunge bomba, maji yanapotea.

Tangu siku hiyo kila anayekuja kumwona anaambiwa na mama mwenyewe kwamba alikatazwa kukaa pale akakaidi. Mimi nasimama pembeni ya kitanda natikisa kichwa kukubali. Wewe nawe nilikwambia hivyo hivyo. Ukamgombeza kwenye simu, ukamwambia uzee umemzidishia ubishi, naye akakujibu kwamba kweli, mwanangu, nimekosa. Hujampigia tena. Kila simu ya jirani wa kitanda ikiita, anageuza shingo.

Mti unakatwa wiki hii. Nimemwomba radhi fundi seremala, akanicheka, akakubali. Tena nimemwambia autazame na ule wa nyuma ya chumba chako cha zamani, nao umeanza kutoa uyoga.

Kama unawasomea wanao kwa sauti, ishia hapa. Wasalimie sana, waambie mjomba anawaletea zawadi. Msalimie na shemeji.

Yanayobaki ni ya kwako peke yako. Mama hakukatazwa. Alikaa pale kwa sababu nilimhakikishia. Mpigie, Dada, umwambie unajua, kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Nami sikulirukia tawi, wala sikulifikia. Ngazi huniishia kipandio cha pili. Cha tatu macho yanaona giza, tangu utotoni, ndiyo maana mapera ulikuwa ukichuma wewe. Siku ile nilishuka, nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka nikaona muda umetosha, nikajipaka vumbi la gome shatini, ndipo nikaingia ndani. Mama akanipangusa lile vumbi kwa kanga yake, akanisifu, akachukua kigoda chake akaenda kukaa.

Ni mimi,
mdogo wako.