Lornah Nasimiyu Wesonga, Aliyeupima Udongo wa Mama

Mwaka umezunguka, Nasimiyu, tangu Jumanne ile ulipotutoka hospitalini, mama amekushika mkono na sisi wengine tumesimama nje ya mlango, tusijue tuingie au tungoje.

Tuliishi na wewe kwa hofu tangu utotoni. Ugonjwa ule wa damu, selimundu, ulitufundisha kuogopa vitu ambavyo watu wengine hawavioni: upepo wa Julai, sweta iliyolowa, kikohozi cha asubuhi. Simu ya mama ikilia akiwa kazini Kitisuru, anakopikia watu, sufuria zao huungua kwanza kabla hajapata nguvu ya kuangalia ni nani. Mara nyingi ulikuwa ni wewe, unauliza tu kama kuna maziwa nyumbani.

Ulipoingia mwaka wa tatu na kuchaguliwa kufanya utafiti katika maabara ya chuo, baba hakulala vizuri. "Mahali pa asidi na baridi, mtoto huyu anaenda kutafuta nini huko?" Ukamjibu kwamba nawe unaogopa, ila unaenda. Mlikuwa wanafunzi wanne chini ya mhadhiri wenu, Daktari Ndeti, mkipima madini yenye sumu katika udongo wa jiji. Kibe, mwenzako, anatuambia ulikuwa unasoma jina la chupa, unaiweka chini, unalisoma tena ndipo unaifungua. Walikucheka mwanzoni. Baadaye wote wakaiga.

Nyumba yetu ilinuka matope siku hizo. Udongo wako ulianikwa kwenye magazeti juu ya kabati la vyombo, na ole wake aliyeusogeza. Ulikuwa ukiutwanga taratibu kwenye kinu kidogo cha chuo, huku ukitafuna tangawizi na kututania kwamba unatupikia uji.

Udongo wa shamba la mama kule bondeni uliuchukua kwa sababu moja tu. Ulitaka udongo safi, wa kulinganisha na ule mchafu wa kando ya barabara. Ukamwambia mama, "Wako ndio mzuri, ndio utaonyesha ule mwingine ni mbaya." Mama alifurahi sana siku hiyo.

Kibe alikuwepo mashine ilipotoa majibu ya udongo huo. Anasema uliyasoma mara mbili, kisha ukasema, "Hii si yetu. Nimechanganya." Mkapima upya kuanzia mwanzo. Majibu yakarudi yale yale. Kibe alitaka mngoje Daktari Ndeti arudi kutoka safari. Wewe ukavua koti la maabara, ukasema, "Kibe, saa hii mama anapika," ukaondoka.

Ulifika jioni, jasho likikutoka, ukapita bila hata kusalimu. Debra, mtoto wa kaka yako Ryan, anayekuita Senge, yaani shangazi, alikuwa tayari mezani na kijiko mkononi. Ukampokonya sahani.

"Mboga imefanya nini?" mama akauliza.

"Usipakue, mama. Iko na risasi."

Baba aliinuka, akafunga mlango kwa komeo. "Risasi? Nani amepiga?"

Siku nyingine tungecheka mpaka machozi. Ulimketisha baba, ukaeleza kwamba ni madini, yale ya ndani ya betri kuukuu za gari. Kumbe kabla mama hajapewa kile kishamba, watu walikuwa wakizivunja pale na kumwaga maji yake. Ukasema wakubwa huumia polepole, lakini mtoto mdogo huumia akili, na hubaki nyuma bila kujulikana kwa nini. Sote tukamgeukia Debra, aliyekuwa akililia sahani yake. Tangu aache ziwa alikuwa amelishwa mboga ya bondeni.

Siku za kungoja majibu ya damu yake zilikuwa ndefu. Ryan aliegesha pikipiki yake Kileleshwa, akakataa abiria. Mama hakula. Usiku ulilala na Debra, ukimuuliza majina ya rangi, na akikosea moja tunasikia pumzi yako ikikatika. Majibu yalipokuja, sumu ilikuwepo, lakini daktari wa watoto alisema imewahiwa. Aache chakula kile, apewe maziwa, apimwe tena.

Hapo ungeweza kupumzika. Lakini ulikumbuka kina mama wengine wa bondeni. Wewe uliyeogopa hata kuomba kushuka garini, ulibisha mlango baada ya mlango, Kibe akikubebea mwavuli. Mzee mmoja alikukaripia, "Tukiacha mboga, utatulisha wewe?" Ukamjibu, "Sina cha kukulisha, baba. Lakini wacha nipime yako kwanza." Alikuruhusu. Mvua za Mei zilikuwa hazikatiki.

Kifua kilikubana Ijumaa. Tulijua kabla hujasema. Mama bado hujiuliza kama ni ile mvua, kama angekufungia ndani. Daktari wa hospitali alisema kifua cha mgonjwa wa selimundu kinaweza kubadilika hata akiwa kitandani mwake. Tunajaribu kumwamini.

Wenzako walimaliza kazi uliyoianza. Mwezi uliopita Daktari Ndeti alikuja nao, wakakaa na watu wa bondeni, wakaonyesha ni sehemu ipi ina sumu na ipi ni salama. Upande wa juu ni salama. Yule mzee amekwisha kupanda huko. Mama amepewa kipande, lakini jembe bado hajalishika.

Debra amepimwa mara mbili, na sumu inashuka. Ameanza shule na rangi zote anazijua. Ila hofu yako imebaki naye. Akiwekewa chakula, hata chai na mkate, hutazama kwanza, halafu huuliza, "Senge amepima hii?"

Mama humwambia, "Amepima. Kula."

Wanaokukumbuka ni baba yako Wesonga, mama yako Rael, kaka yako Ryan na mkewe, Debra wako, Kibe na wenzako wa maabara, na majirani wa bondeni. Hakuna siku tutakayokusahau, Nasimiyu.