Lifti za Mzee Nisiyemjua

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu, na wale wanangu wawili ambao najua wameshaanza kuuliza shangazi atarudi na nini. Natumaini kikohozi cha wifi kimepungua. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, maana fundi viatu mzima nimesafiri na viatu vibovu kuliko vya wateja wangu wote. Ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Leo ni siku yangu ya tano katika mji huu. Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie, lakini nimetaka kuandika kwa sababu kuna jambo la kukuambia kuhusu baba, na kwenye simu ningeishia kukuuliza habari za mvua. Ukishalijua, huenda usitake kuja kunipokea Jumamosi. Nitalifikia. Nakuomba tu usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Kwanza nikushukuru. Uliponipa tiketi ulisema ni asante yako kwa miaka kumi na mmoja niliyomtunza baba, na kwamba nichague mji wowote ambao hakuna mtu atakayenijia na kiatu mkononi. Nimeupata. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi kando ya mto nikitazama miguu ya watu. Wanatembea haraka hapa, visigino vimelika upande wa nje, na mara tatu nilijizuia nisimsimamishe mtu nimwambie soli yake inaachia. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, kina dirisha moja na birika la umeme linalolalamika kabla maji hayajachemka. Nililala saa kumi mfululizo bila mtu kuniita. Kwa hilo peke yake, mdogo wangu, Mungu akuzidishie.

Siku ya pili nilitoka kwenda jumba la makumbusho nikapotea. Simu ilinizungusha mitaa ile ile mpaka muuza magazeti akaanza kunisalimia kama jirani. Mwishowe nikaona mlango mkubwa uko wazi na watu wawili wanaingia, nikajua ndipo. Kumbe ni ukumbi wa kuagia maiti. Jeneza lilikuwa mbele, viti havikupungua arobaini, na watu hawakufika kumi. Ningeweza kurudi nyuma kimya kimya. Lakini unajua tulivyolelewa, msiba hausubiri mwaliko na huwezi kuupita kama unapita duka lililofungwa. Vile viti vitupu vilinitia aibu mimi mgeni. Nikaingia nikakaa safu ya tatu.

Basi nililia, Kitinda. Mimi ambaye kwenye msiba wa baba shangazi zetu walinisema nina jicho kavu, mimi niliyeshinda nikihesabu masufuria na kutafuta turubai, nililia mpaka mzee wa pembeni akanipa kitambaa chake na hakutaka nimrudishie. Maneno yaliyosemwa sikuyaelewa hata nusu, kwani lugha yao ninayo ile ya shuleni, ya kuombea maji na kuulizia njia. Lakini sikuhitaji maneno.

Shughuli ilipokwisha, binti wa marehemu alinijia. Ni mwanamke wa umri wangu, mtoto pekee, viatu vyake vyeusi vimepigwa rangi vizuri. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza polepole (tangu hapo tulipokwama, simu ilitutafsiria) kama nilimfahamu baba yake. Shingo yangu ikaitikia kabla akili haijafika. Akaniambia mzee alikuwa fundi wa lifti, ametengeneza lifti za mji huu kwa miaka thelathini, na akauliza tulikutana wapi. Nikasema niliwahi kukwama ndani ya lifti, yeye akanitoa. Sijui uongo ule niliutoa wapi. Yule mama akafunga macho akatabasamu, akasema ndiyo, ndivyo alivyokuwa, alikuwa akiwaongelesha watu waliokwama mpaka wanasahau kuogopa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na ghorofa nyingi. Kesho yake asubuhi alinifuata nilikofikia, maana nilikuwa nimemwelekeza, kwa kuwa ameomba ruhusa kazini na hakutaka kushinda peke yake ndani ya nyumba. Akasema atanionyesha mji wa baba yake. Kwa hiyo mwenzenu nimeutalii mji kwa kupanda na kushuka. Nimeona lifti ya hospitali ya zamani ambayo mlango wake ni wavu wa chuma unaokunjwa kwa mkono. Nimeona ya duka la vitambaa yenye kioo, ambamo nilijiona nimenenepa, na nikafurahi. Kwenye jengo moja la ofisi mlinzi alimkumbuka marehemu, akatuketisha kwenye kiti chake kwa zamu na kutugawia chai ya chupa yake. Kila tulipoingia, yule mama aliweka sikio ukutani. Baba yake alimfundisha kwamba lifti nzima huisikii. Nami nikamweleza kwamba kwetu fundi viatu hupimwa hivyo hivyo, kiatu kizuri mguu unakisahau. Alicheka sana. Siku nyingi sikuwa nimemchekesha mtu.

Kila mtu alinipokea vizuri, na kadiri walivyonipokea ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo. Jana tulipanda jengo la mwisho, ghorofa ya kumi na nne. Paa zote za mji zilikuwa chini yetu, na mto niliokaa kando yake siku ya kwanza ulionekana kama mshipi uliosahauliwa sakafuni. Yule mama akafungua mkoba akatoa bisibisi ya baba yake, mpini wa mbao umechakaa pale kidole gumba kinapokaa. Akasema waliomkumbuka mzee ni wachache, na angependa mmoja wao awe na kitu chake. Mimi ni fundi. Najua mpini unachukua miaka mingapi kuchakaa namna ile. Hapo nikashindwa, nikamwambia ukweli wote. Kwamba sikuwahi kumwona baba yake, kwamba niliingia kwa kupotea.

Alirudisha bisibisi mkobani, na ni haki yake. Akabonyeza kitufe, tukashuka ghorofa zote kumi na nne tukitazama mlango. Chini alisimama, akaniuliza basi nilikuwa namlilia nani. Tukakaa kwenye ngazi za nje, nikamsimulia habari za baba yetu, na ile sehemu ambayo sijamsimulia mtu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwamba baba yake alifia nyumbani peke yake wakati yeye yuko kazini, na kwamba angetoa chochote apate mtu wa kumletea hata neno moja alilolisema mzee siku ile. Akaniuliza ninayo maneno mangapi ya baba ambayo ni ya ndugu yangu. Nilikuwa nayo mengi, na nimeyakalia miaka miwili.

Sasa nimefika, Kitinda. Miaka hii yote umekuwa ukililaumu lile basi lililoharibika njiani Alhamisi ile ulipokuwa ukija kumwona baba. Basi halina kosa. Baba aliniambia nikuite tangu Jumatatu. Nikamjibu nimeshakupigia na uko njiani. Sikuwa nimekupigia. Jumanne aliomba nimnyoe kwa sababu unakuja. Jumatano aliomba tukisogeze kitanda ili auone mlango. Nikamnyoa, nikasogeza kitanda, na bado sikupiga. Nilikupigia Alhamisi mchana, alipoacha kuuliza. Ulipofika Ijumaa tulikuwa tumeshamfunika.

Sitasema nilidhani atapona. Nilikuwa najua. Ilikuwa ni wivu. Miaka kumi na mmoja nilimpikia, nikamwogesha, nikakaa kwenye kigoda chake nikashona viatu vya wateja wake, na sikumwona akiutazama mlango kwa ajili yangu, maana mimi nilikuwa nimo ndani siku zote. Nilitaka siku zile ziwe zangu. Nikazipata, na tangu hapo kila ukinishukuru nasikia moto. Uliponipa tiketi nilitaka kuirudisha, lakini hata ujasiri huo sikuwa nao. Nisamehe, mdogo wangu. Na kama huwezi sasa, usijilazimishe. Usipokuwepo uwanja wa ndege Jumamosi nitaelewa, nitapanda gari mwenyewe, na sitawaambia watu umekosea.

Leo jioni yule mama amenikaribisha kwake tule pamoja. Sikutarajia. Amesema nivitazame na viatu vya baba yake, kuna jozi moja anataka kuivaa nyumbani. Nimwekee soli mpya, hilo angalau naliweza bila uongo.

Nisalimie wifi, umwambie asinywe maji baridi. Wabusu wanangu, zawadi zao ninazo. Majirani wasalimie kwa jumla, na anayeuliza viatu vyake mwambie viko tayari tangu kabla sijaondoka.

Limebaki neno moja, na si langu. Ulipoikataa kazi ya viatu ukaenda kusoma, ulisema baba alikununia mpaka mwisho, na mimi nilikuacha uamini hivyo. Jumatano ile, akiutazama mlango, alinipa ujumbe wako, akanitaka niurudie ili nisikosee. Nikaurudia mara mbili. Alisema, “Mwambie Kitinda sikumnunia hata siku moja. Uso wangu ndivyo ulivyo.”

Ni mimi dada yako,
Fundi Viatu