Picha ya Sirin

Dada yangu Nuhad,

Salamu zikufikie huko Chile, wewe na watoto. Sisi bado tunavuta pumzi. Mizeituni haikuzaa sana mwaka huu, na baba Sirin mguu bado unamsumbua.

Mwanangu Sirin tulimzika Jumanne. Alikuwa anatoka shule, askari wa Israeli wakafyatua risasi pale njia panda, moja ikampata shingoni. Miaka kumi na sita. Hakushika hata jiwe. Alibeba mkate niliomwagiza.

Vijana wa mtaa wetu walikuja kuomba picha yake. Niliwapa ile ya harusi ya binamu yake, anacheka. Kesho yake nikamwona kwenye kila ukuta, wamemchora na bendera mabegani, kicheko wamekifuta.

"Mama Sirin, sasa huyu ni binti wa Palestina nzima," wakaniambia.

"Sawa, wanangu. Na yule aliyekuwa akiogopa giza, akija kulala kwangu, ni wa nani?"

Lakini sikufichi, dada: jeneza lilipopita na maelfu wakiita jina lake, niliona fahari, kisha nikaona haya kwa fahari ile.

Kinachoninyima usingizi ni Tala, mdogo wake. Jana alisimama mbele ya ukuta wenye picha ya dada yake, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, na mimi, mtawapa picha yangu ipi?"

Mwandikie Tala mwaliko wa kuja huko kwako, Nuhad. Mchukue upesi. Nitaumia kuachana naye, lakini nitajua yu hai.

Nduguyo,
Rudayna