Blanketi la Nguo za Salina

Jumatatu, 4 Agosti

Tangu asubuhi nafua nguo za watu. Mwalimu mmoja wa hapa mtaani Pioneer ameleta fulana za zamani za wanawe nimshonee blanketi la viraka. Ndani ya mfuko nimekuta soksi ngumu kama chapati ya juzi, na manyoya ya kuku. Manyoya! Kwani walizihifadhi wapi? Nimeshikwa na kinyaa mpaka chai ikanishinda.

Ndiyo maana nina sheria yangu. Kitambaa hakiguswi na makasi kabla hakijapita kwenye sabuni. Uchafu utoke. Kinachotaka kusinyaa kisinyae mapema. Rangi inayochuja ichujie kwenye karai, si kwenye kitanda cha mteja.

Kuna blanketi la mwalimu, kuna la mama wa duka la dawa ambaye kila siku anapiga simu, halafu kuna la Cherono. Cherono anaolewa Jumamosi. Ni binti ya marehemu dada yangu Salina. Lake nimeliacha mwisho kwa sababu naliogopa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua begi la Salina.

Cherono alilileta mwenyewe mwezi uliopita, amelifunga kwa kamba kana kwamba kuna kitu kitatoroka. Alisimama mlangoni akakataa kuketi. "Anti, shona, lakini usizioshe. Please. Bado ziko na harufu ya Mum." Nilikubali. Mimi, na sheria yangu.

Leo nimefunga madirisha kwanza, kisha nikanusa. Moshi wa kuni. Mkaa wa kusafishia vibuyu vya mursik, na hayo maziwa yenyewe ya kuganda, kwa mbali. Mafuta yake ya kujipaka. Mimi ambaye siwezi kukaa karibu na mtu aliyekula kitunguu nimekaa sakafuni nimefunika uso kwa sketi ya marehemu. Miaka miwili tangu tumzike. Sikujua nilikuwa nimeanza kumsahau.

Shida ni joho lake la kwaya. Jekundu. Nimelisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kikatoka na rangi ya waridi. Linachuja vibaya. Kwa kawaida ningelilaza kwenye maji ya chumvi siku nzima. Nimelikata hivyo hivyo, nikalishona kando ya blauzi yake nyeupe, maana alikuwa anavaa hizo mbili pamoja kila Jumapili. Blanketi hili halitafuliwa maishani. Cherono anajua.

Jumatano, 6 Agosti

La duka la dawa limekwisha. Baya. Alichagua rangi mwenyewe, zambarau na kijani cha nyasi. Nimelishona nikiwa nimekunja uso.

Grupu ya harusi kwenye simu inanitia kichefuchefu. Kamati imeamua mashangazi wote tuvae rangi ya pichi. Pichi na ngozi yangu! Mtu ametuma picha ya keki mara kumi. Mwingine anauliza kama wakwe wa Kesses, kwao bwana harusi, watapewa nyama kwanza. Nimezima simu.

Cherono hajaandika chochote kwenye grupu. Ameniandikia pembeni: "Imefika wapi?" Nimemjibu imefika shingoni, kwenye kola ya blauzi, ambako harufu imebaki zaidi. Ametuma moyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemaliza la Cherono. Nimelikunja nikaliweka kwenye kiti changu kizuri. Sijawahi kushona kitu namna hii na sitarudia.

Jioni dada yetu mkubwa, Leah, ameingia kutoka Cheptiret. Kuku mmoja hai, mfuko wa viazi, na pakiti yake ya sabuni ya unga, kana kwamba kwangu hakuna sabuni. Hajakaa hata kidogo, akaanza kupanguza meza yangu. Akainamia blanketi. "Hii kitu inanuka jiko."

Nilimwambia ni nguo za Salina. Nilimwambia Cherono ndiye anataka liwe hivyo. Akasema "mmh". Namjua Leah na hiyo "mmh" yake. Ningelifungia kabatini. Sikulifungia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka saa tatu kupeleka blanketi la duka la dawa mjini na kuchukua hilo gauni la pichi. Nimerudi nikalikuta la Cherono kwenye kamba. Mvua inanyesha. Maji yanadondoka chini yakiwa mekundu.

Leah alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, amefurahi. Alikuwa ameliloweka kwa sabuni yake, akalisuuza kwa ile dawa ya kulainisha nguo yenye maua kwenye chupa. Nilimuuliza kwa nini.

"Kesho tunakunjua mbele ya watu wa Kesses," akasema. "Wanasikia moshi, wanasema Salina alikuwa mchafu. Na mimi dadake niko hai nikikaa pale? Haiwezekani, Rael. Nimemsafisha."

Nimemsafisha. Alisema hivyo.

Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika. Si mfano wa maneno, nilitapika kweli. Yeye ni mkubwa wangu, alinibeba mgongoni, na leo nimemchukia kutoka unyayo mpaka kitambaa cha kichwa.

Blauzi nyeupe imekuwa ya waridi, mabaka mabaka, kama ngozi iliyoungua. Kosa la rangi ni langu. La harufu ni la Leah. Pamba ya katikati imelowa maji. Nimelipiga pasi mchana kutwa, chumba kikajaa mvuke wa maua ya uongo. Kuna wakati nilifikiria kulitundika juu ya moto wa kuni lishike moshi, nimdanganye mtoto. Halafu nikajiona mimi mwenyewe ndiye wa kutia kinyaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi.

Matope mpaka ndani ya hema. MC ana meno mengi na mzaha mmoja. Mjomba mmoja amekula nyama mbele yangu akachokoa meno, akatazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Bibi na bwana harusi wakalishana keki kwa vidole huku watu wakipiga picha. Nilikuwa nimekaa na pichi yangu nikitamani ndimu ya kuondoa kinyaa.

Kwetu mashangazi ndio hukunjua vitu vya binti mbele ya wakwe, kimoja kimoja, ionekane hakutoka mikono mitupu. Zilikunjuliwa sufuria, mashuka, thermosi. Kisha Leah akalishika blanketi upande mmoja, nami upande mwingine. Vigelegele. Mama mkwe alilivuta puani. "Ai, inanukia poa! Hii ni nyumba safi." Leah aliniangalia kwa ushindi.

Tukamvika Cherono begani. Nilimwona akiinamisha kichwa. Akatafuta pale kwenye kola, mahali nilipomwambia. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si mtu mwingine.

"Asante, Anti."

Hakulia. Angelia ningevumilia.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Leah ameosha vikombe vyangu vyote, hata visafi. Mchana ameniuliza kwa nini nimenuna tangu Ijumaa. Nikamwambia. Kila kitu: begi, kamba, "bado ziko na harufu ya Mum", na vile mtoto alitafuta kwenye kola.

Alikaa chini na sahani mkononi.

"Mimi nilidhani nafichia Salina aibu," akasema. Akaiweka sahani chini. "Hakuna kitu ilibaki? Hata kidogo?"

Nikamwambia hakuna. Bado nilikuwa na hasira, nilitaka imuume.

Jumanne, 12 Agosti

Kumbe kuna gunia. Lile la chini ya mashine, ninapotupa mabaki ya vitambaa ninavyokata, ya kujazia matakia. Sikuwa nimelikumbuka. Au sikutaka.

Tumelimwaga sakafuni, mimi na Leah. Nyuzi, vumbi, nywele zangu, zambarau ya yule wa dawa, na unyoya mmoja wa kuku uliotoka sijui wapi. Uchafu mtupu. Tumechambua kwa vidole tangu asubuhi. Nyekundu ya joho. Nyeupe ya blauzi. Ncha za sketi. Pindo la mkono, upana wa kidole. Vyote havijaonja maji. Tumepata vya kujaza mto mdogo, wa kutosha shavu moja.

Leah alikuwa wa kwanza kuinusa ile konzi ya vipande. Akafumba macho akainusa tena, na tena, machozi yakishuka bila sauti, na mimi nikaona kwamba hata yeye alikuwa amemsahau.

"Dada, pole pole," nikamwambia. "Utaimaliza."

Akanipa. Nimenusa mara moja. Kisha nimevitia ndani ya mto nikashona mdomo, mishono midogo midogo, isiyoachia hewa.

Mtu wa boda ataupeleka kwa Cherono, Kesses, asubuhi. Leah ameufunga kwa kamba.