Ngolo za Kandidus

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefyeka tangu asubuhi, nikalaza nyasi miraba miraba. Kesho mke wangu Hyasinta ataanza kuchimba. Zitatoka ngolo ishirini, mashimo ya kukinga maji ya mvua kati ya matuta, si zaidi. Shamba limechoka na watoto ni watano. Ng'ambo ya kijito, kipande cha Kaka Kandidus kimelala mwaka wa kumi na mbili sasa. Nyasi zimefika begani. Mama hataki kiguswe. Mwenyewe yuko Marekani, alikwenda kusoma akaoa huko. Mama hajui kuandika, barua zake naandika mimi, na kila moja lazima nimalizie na swali lile lile: unarudi lini?

Alhamisi, 9 Machi

Nimeingia kipande cha Kaka bila kuomba. Hatua kumi hivi, Mama akatokea. Hakupiga kelele. Alinipokonya nyengo mkononi, akarudi nayo nyumbani. Sasa sina cha kufyekea. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, hapa Ukata kila mtu anapanda kahawa mpya. Sisi tunatunza majani ya mtu asiyekuwepo.

Nina wivu pia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 12 Machi

Barua ya Kaka. Nimepewa parokiani baada ya misa, nikamsomea Mama.

Nyumba yake iko mtelemkoni. Mtaa ule walianza Wajerumani, wakaja Waitaliano, sasa wengi ni Wameksiko, na Mmatengo mmoja, yeye Kaka. Duka la mikate la Mwitaliano linauza mikate ya Kimeksiko. Misa ya pili ni Kihispania. Mwaka jana Kaka alichimba ngolo sita nyuma ya nyumba. Jirani wa chini, bibi wa Kiitaliano, akadhani ni makaburi, akaenda kushtaki. Akaja bwana wa mji na karatasi: fukia. Kabla hajafukia ikanyesha mvua kubwa. Nyumba nyingi ziliingia maji, ya bibi haikuingia. Bibi huyo huyo akarudi ofisini kumtetea. Mwaka huu anataka ngolo mbili uani kwake.

Nilicheka. Mama hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: nani alichimba? Nikamwambia ni yeye mwenyewe, mkewe hajui jembe. Mwanamume, kuchimba ngolo, kazi ya wanawake. Mama akaingia ndani.

Jumanne, 14 Machi

Jana Mama hakula mchana. Nimeirudia barua kutafuta kosa. Kaka hajaandika popote kwamba harudi.

Hyasinta ananishangaa. Anasema ngolo ni maharage mwaka huu na mahindi mwakani. Mwenye safari ya kurudi kwao hachimbi.

Alhamisi, 16 Machi

Nyengo nimeikuta mlangoni, imenolewa. Mama alikuwa ameshavuka kijito na jembe lake. Tumeshinda kwenye kipande cha Kaka hadi saa nane. Mimi nafyeka na kulaza, yeye na Hyasinta wanachimba. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi sana.

Jioni akaniita niandike. Mwambie nyasi aziache zikauke kidogo kabla ya kufunika udongo. Mwambie shimo lisipite goti. Yule bibi asipande maharage shimoni, apande juu ya matuta. Nikaandika yote. Nikangoja lile swali, kalamu mkononi.

Mama akasema nifunge bahasha.