Kumchukua Lugano

Jumatatu, 2 Juni. Mwaya.

Mpunga umeanikwa tangu asubuhi. Mama anaugeuza kwa miguu, anaburuza nyayo kwenye turubai, na Lugano yuko nyuma yake anaiga. Mikono kiunoni kama bibi yake. Mimi nimekaa kibarazani nafukuza kuku. Ndiyo kazi niliyopewa. Kazi ya mgeni.

Lugano alijikwaa akaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akanipita analia, moja kwa moja hadi kwenye kanga ya mama. "Juba! Juba!" Juba ni mama, kwa Kinyakyusa. Mimi ananiita anti.

Sina wa kumlaumu. Nilimleta hapa kabla hajaota jino, nikaenda Dodoma kuuza katika duka la dawa la mtu. Nilisema ni kwa muda tu, hadi nijipange. Sasa ana miaka minne. Nimekuwa nikija Krismasi na magauni yasiyomtosha. Kila mwaka nanunua dogo.

Jumatano, 4 Juni.

Ipyana kapiga. Tiketi tayari, mwisho wa mwezi huu. Anasema nyumba aliyopata ina bwawa la kuogelea chini, la wapangaji wote, Lugano atalipenda. Nikamwambia Lugano ana ziwa zima. Akacheka. Yuko Houston mwaka wa pili, anafanya kazi ghalani. Hajambeba mwanaye tangu aanze kuongea vizuri. Namwonea huruma mume wangu.

Na mimi mwenyewe nataka kwenda. Niandike hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nataka sana.

Mama anajua tunakwenda kutembea. Ndivyo nilivyomwambia kwenye simu: tunakwenda kumwona baba yake mtoto, Krismasi tutarudi. Si kweli. Vibali vyetu ni vya kuishi. Nilipanga kumwambia siku niliyofika. Alikuwa amenipikia ndizi na mbasa mbichi wa ziwani, mwenye mafuta, kama ninavyopenda. Nikala. Maneno yakashuka pamoja na ndizi.

Jumapili, 8 Juni.

Kanisani. Mama alisimama wakati wa matangazo, hakuwa ameniambia. Akaomba washarika watuombee tufike salama na turudi salama. "Turudi" alilisema kwa sauti zaidi. Mwinjilisti akatuita mbele, akamwekea Lugano mkono kichwani. Lugano akataka kujua kwa nini mkono wake ni mzito. Watu wakacheka. Maombi yakaisha, na mimi nikaitikia amina pamoja na wengine.

Njiani mama aliwaambia wenzake wa kwaya ya akina mama kwamba yule jogoo mwekundu hauzwi, ni wa Krismasi yetu. Nilitazama chini njia nzima. Nimeitikia amina juu ya uongo wangu mwenyewe.

Kesho nitamwambia.

Jumanne, 10 Juni.

Sikumwambia jana. Leo ameambiwa na mwingine.

Tulikuwa uani, mama anapepeta. Ipyana akapiga, nikaweka sauti kubwa amsalimie mkwewe. Shikamoo mama, marahaba baba. Habari za mavuno. Nzuri tu, mafuriko hayakufika huku juu. Mara Ipyana akasema, kwa furaha kabisa, "Mama, usiwe na wasiwasi na mjukuu wako. Shule nimeshapata, anaanza Agosti. Palepale atasoma hadi darasa la tano."

Hakuniuliza kama nimeshasema. Sikuwahi kumwambia kwamba sijasema.

Ungo ulisimama hewani. "Hadi la tano," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndaga, baba." Akashukuru, kama mtu aliyepewa kitu. Akaendelea kupepeta. Pumba zikawa zinanirukia usoni na sikusogea.

Jioni akiwa anawasha moto alisema bila kugeuka, "Atu. Ulidhani nitamficha?"

Nikainama kuokota kuni. Ndiyo, moyoni nilidhani hivyo.

Alhamisi, 12 Juni.

Mama hasemi na mimi. Anapitisha maneno kwa mtoto. "Mwambie anti yako maji ya kuoga tayari." Lugano anakuja mbio ananiambia, anafurahia kutumwa. Zamani mama alikuwa akimsahihisha. "Siyo anti, ni mama yako." Sasa amelichukua hilo neno na kulitumia.

Nastahili. Lakini inauma, na ninakasirika. Nimekasirika naye. Kana kwamba yeye ndiye aliyenitenda.

Ijumaa, 13 Juni.

Siwezi kuandika vizuri. Ngoja niandike tu.

Nimeamka, hawapo. Nikadhani wako shambani. Hawapo. Simu ya mama imezimwa. Viatu vya kanisani vya Lugano havipo, sweta yake haipo. Jirani, Mama Sekela, akasema amewaona asubuhi wakipanda bajaji ya kwenda Kyela mjini. Mtoto kapakwa mafuta, anang'aa.

Nikasubiri hadi adhuhuri. Hapo kichwa kikawa kimeshajaa. Mpaka uko karibu, mama ana ndugu ng'ambo, Malawi. Akivuka na mtoto nitampatia wapi? Ndege itaondoka. Niliyafikiria hayo yote kuhusu mama yangu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alisoma na baba yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akila. Nikasema palepale mlangoni, "Mama ameniibia mtoto."

Akaweka tonge chini. "Sema tena."

Nikasema tena. Na watu wawili watatu walikuwepo, wakasikia.

Akaja nyumbani na watu wake, wakaanza kupiga simu huku na huku. Uani kukajaa. Kabla jua halijapoa, bajaji ikasimama barabarani. Mama akashuka, Lugano akashuka na kipande cha muwa mkononi, viatu vimejaa tope. Anaimba.

Walikuwa wamekwenda Ngana, kwa mama mkubwa Subilaga na wazee wengine wa kwao. Wamembariki mtoto. Wamemlisha kuku. Simu iliisha chaji.

Mwenyekiti akajitahidi. Akasema tulikuwa na wasiwasi tu, safari za siku hizi. Lakini Mama Sekela hakuweza kujizuia. "Atupele amesema umemwiba."

Mama akakaa kwenye kigoda. Akamvua Lugano viatu, kimoja, kingine. Akavigonganisha tope lidondoke.

"Nimempeleka akaage," alisema. "Wewe hukumpeleka."

Jumamosi, 14 Juni.

Nilipiga magoti jikoni. Nilisema nisamehe mama, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Alikuwa anamenya ndizi.

"Inuka, unachafua kitenge."

Basi. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe.

Jumatatu, 16 Juni.

Kuna kitu mama ameanza. Asubuhi Lugano kamwita, "Juba," akitaka uji. Mama kimya. Nikadhani hajasikia. Lugano akaita tena, akamvuta kanga. Mama akasema, "Mimi ni bibi. Juba yako yule pale." Akanionyesha kwa kidevu.

Lugano akacheka, kadhani ni mchezo. Akaita tena na tena kwa sauti za kuchekesha. Mama haitiki. Kicheko kikaisha. Kikawa kilio.

Nikasema, "Mama, usimfanyie hivyo."

"Huko mnakokwenda nani atamwitikia?"

Nikamimina uji. Lugano akausukuma, ukamwagika wote.

Alhamisi, 19 Juni.

Siku ya nne. Akiita bibi, mama anaitika haraka, anambeba, anamchezesha. Akiita juba, ni kiziwi. Mtoto amechanganyikiwa. Leo amemtupia mama kijiko. Kimempiga shavuni. Mama hakumchapa, hakumgombeza. Akakiokota, akatoka, akaenda kwenye kakao nyuma ya nyumba.

Nikamfuata baada ya muda. Alikuwa amekaa chini kwenye majani makavu ya mikakao, amejaza kanga mdomoni. Mabega yanatikisika, hakuna sauti.

Nikarudi nyuma taratibu asinisikie. Ningemwendea. Mtoto yeyote angemwendea mama yake. Niliogopa kwamba nikimshika nitasema basi, mtoto abaki. Na sikutaka kusema hivyo.

Jumatatu, 23 Juni.

Lugano amekuja mwenyewe kwangu na kitana. Hakuniita jina lolote. Akakaa katikati ya magoti yangu, akainamisha kichwa. Nikaanza kusuka. Mistari ikawa inapinda.

Mama alikuwa anatazama kutoka mlango wa jiko. "Usikaze," alisema. "Nywele zake laini, atalia."

Maneno ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu siku ya uji. Nililegeza.

Ijumaa, 27 Juni. Ndani ya basi.

Hakutusindikiza Kyela. Nilijua hatatusindikiza. Alfajiri alifunga mchele kwenye kiroba, na usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko, nikamwambia uwanja wa ndege wa huko watautupa usipa. Akaufunga hivyo hivyo.

Nilimwachia simu yangu kubwa. Mama Sekela atamsaidia kupokea simu za picha.

Bajaji ilipofika alichukua jembe akaenda shambani. Mpunga umeshavunwa. Hakuna cha kulima kule. Alikuwa katikati ya mabua, mgongo kwetu. Lugano akasimama juu ya kiti cha bajaji akapiga kelele, "Juba!"

Najua alisikia. Ng'ombe waligeuka. Yeye hakugeuka.

Dereva akaniuliza kama tusubiri. Nikasema twende.

Jumanne, 8 Julai. Houston.

Joto. Nilidhani najua joto, mtu wa Kyela. Hili halina upepo wa ziwa. Watu wako ndani wamefunga madirisha, barabarani magari tu. Barabara zimepanda juu ya barabara nyingine.

Ipyana alilia uwanja wa ndege. Lugano akajificha nyuma ya mguu wangu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kujificha kwangu. Nikafurahi, halafu nikaona aibu kufurahi. Alinichagua kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Kitanda chake kina shuka za rangi ya waridi, Ipyana alizichagua mwenyewe. Mtoto analala chini, kwenye zulia. Anauliza bajaji itakuja lini. Kila siku, kwa Kinyakyusa. Ipyana anamjibu kwa Kinyakyusa pia, kwamba bajaji haifiki huku. Nilimsikia akijaribu kueleza bahari. Akaacha.

Usipa ulitupwa. Afisa aliubeba kwa vidole viwili.

Jumapili, 20 Julai.

Tumeongea kwa picha. Mama Sekela aliishika simu vibaya, tukaona paji la uso la mama na dari ya mabati. Lugano akakilamba kioo. Akaweka shavu lake pale. "Nakuja," alimwambia. "Nakuja sasa hivi." Akaenda kuvaa viatu.

Mama aliona. Akasema ana kazi, akakata.

Lugano alikaa mlangoni na viatu hadi jioni. Alimpiga Ipyana aliyejaribu kumbeba. Alinipiga mimi.

Baadaye mama akatuma ujumbe wa sauti. Sauti yake ya kanisani, ya kusema na watu wengi. Tusipige mara kwa mara. Tumpe mtoto nafasi, kidonda kisitoneshwe. Nikajibu sawa mama. Nilijibu haraka mno. Niliusikia moyo wangu ukipumzika.

Jumatatu, 18 Agosti.

Shule. Alishika kitasa cha gari tukashindwa kumbandua. Mwalimu alikuja na kikaragosi cha chura, akaongea naye Kiingereza, naye akamjibu Kinyakyusa, wakaingia. Hakugeuka nyuma. Nililia kwenye maegesho, Ipyana akashika usukani.

Mama hajawahi kuuliza kuhusu Krismasi. Hata mara moja. Ni mimi ninayesubiri aulize.

Jumamosi, 30 Agosti.

Asubuhi huku, jioni kule. Muda wetu wa kupiga.

Lugano alikuwa sebuleni na msichana wa nyumba ya pili, wanapanga vikombe vyangu vyote kwenye zulia. Anasema maneno ambayo sikumfundisha. Nikamwambia njoo tumpigie bibi.

"Baadaye," alisema. Hakuinua macho.

Nikangoja. Nikamwambia tena. "Baadaye, mama." Mama ni mimi. Alilisema kwa kupita, kama mtu anayefukuza inzi.

Nikaingia chumbani nikapiga peke yangu, bila picha. Mama alipokea hata haijaita vizuri. Tukaongea. Kakao imeanza kuiva. Mama mkubwa Subilaga amekuja kukaa naye, wanagombana kuhusu chumvi. Alicheka akisimulia, nami nikacheka. Kisha akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Sebuleni vikombe vilianguka na watoto wakapiga kelele za furaha. Nikausukuma mlango kwa mguu hadi ukajifunga.

"Amelala," nilisema.

"Mpaka saa hizi?"

"Wiki ilikuwa ndefu. Shule imemchosha."

Nilimsikia akipumua, na mbuzi wa mtu kwa mbali.

"Mwache alale," alisema. "Usimwamshe."

Nikakaa kitandani kidogo. Kisha nikaenda kuwakatia watoto matunda.