Ufa Ulio Juu ya Nyumba ya Mama

Ixelles, Bruxelles, tarehe 8 Juni 1997.
Mwezi huu natimiza miaka mitano tangu niondoke nyumbani.

Yaya Kahambu, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Mama na watoto. Mgongo wa Mama umepata nafuu? Mimi mzima, ila mikono imechoka. Barua hii anawaletea jirani yangu Précieuse, anayepitia Kampala kuja Butembo. Mpeni chai.

Yako niliipata. Nimeelewa kwa nini mliacha nyumba ya chini, karibu na barabara: wenye bunduki walirudi, na safari hiyo wakampiga Mama. Ukasema mmepanda mlimani, mkakata mikalitusi kwa nguzo, mkachimba ukingo kupata kiwanja, na kwamba huko hakuna askari mwenye hamu ya kupanda. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikasoma kuhusu ule ufa ulio juu ya nyumba, ambao Mama anaujaza udongo kila baada ya mvua, na sasa amepanda viazi vitamu juu yake. Tangu hapo silali vizuri.

Mlinicheka kwamba nimeenda hadi Ulaya kubeba udongo. Ni kweli naubeba. Huko Auderghem kuna wataalamu wanaotafuta kwa nini mlima unaporomoka ngozi yake ya juu tu. Mkubwa wao, Antoine, ananiita chef, yaani bosi, na chef ndiye mwenye koleo. Najaza sanduku refu lililoinamishwa: chini udongo mgumu, juu udongo laini. Wao wananyesha mvua kwa mabomba yenye matundu. Maji yanapita kwenye ule laini, yanafika kwenye ule mgumu, yanakosa njia, yanajikusanya hapo kati. Udongo wa juu unakosa mshiko. Kwanza unatokea ufa. Halafu unashuka wote kwa mara moja, kama blanketi inayovutwa kitandani. Penye mizizi huchelewa. Palipochimbwa chini huwahi.

Juma lililopita nilichimba ukingo mdogo sandukuni, nikaweka kiberiti kitupu kiwe nyumba yenu. Antoine akanitania kwamba chef amejijengea villa. Mvua ikanyesha, ufa ukaonekana, kiberiti sikukiona tena. Wataalamu wakapiga makofi, maana vyombo vyao vilipima kila kitu. Mimi nikatoka nje. Antoine akanifuata, nikamwambia ile ilikuwa nyumba ya nani. Utani ukamwisha. Akasema muhame. Nikamwuliza muhamie wapi, chini kwenye bunduki? Mwishowe akasema kwamba mahali patakaposhuka anaweza kupajua, lakini siku haijui.

Nilipompigia Mama kwa simu ya paroisse, hapo parokiani kwenu, alinicheka. Alisema mtu anayelala ghorofa ya tano, juu ya vichwa vya watu, asimfundishe yeye pa kujenga. Na kwamba afadhali mlima, haujampiga bado.

Bon, yaya, ng'oeni viazi, udongo uliolimwa unakunywa maji mengi. Chimbeni mtaro upeleke maji mbali na ufa. Msikate mti mwingine. Ufa ukipanuka, au mlango ukigoma kufungika, tokeni humo humo mvuani mkalale kanisani, ingawa ni karibu na barabara. Najua mtaro hauzuii mlima. Sina kingine cha kuwaambia.

Sasa neno nililochelewa kulisema. Nimeomba kurudishwa. Maombi yangu ya kukaa huku nimeyaondoa mwenyewe, na watu wa uhamiaji wameniambia mlango hautafunguliwa tena. Précieuse ananiita mwehu. Anasema nitaongeza tu mtu mmoja chini ya ufa. Anasema kweli. Lakini siwezi kuendelea kumwagia kiberiti mvua huku nikingojea habari zenu.

Mama usimwambie bado, atakataa. Wabusu watoto, na uwasalimie majirani waliobaki chini.

Mdogo wako,
Hilaire

Natumaini kufika katikati ya Agosti, kabla ya mvua. Zikinitangulia, msinisubiri nyumbani. Nitawatafuta kanisani.